Kupata Maneno ya Kilatini ya Vyakula vya Kila Siku: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa wanafunzi wa seminari, walimu, wafasiri na yeyote anayeandika Kilatini akakwama pale chakula kinapotajwa. Mkate na divai tunavijua kutokana na Misa. Shida huanza kwenye kunde, mchicha, chapati na ugali.

Nianzie wapi ninapotafuta jina la chakula?

Anza na historia ya chakula chenyewe, ndipo ufungue kamusi. Jiulize: Mrumi wa mwaka 50 BK angekikuta chakula hiki sokoni? Jibu litakiweka katika fungu moja kati ya matatu, na kila fungu lina njia yake ya kutafuta.

Fungu la kwanza ni vyakula ambavyo Warumi walivila kila siku: mkate, jibini, mayai, samaki, vitunguu, dengu, tini, zabibu, asali. Hapa usibuni chochote. Neno lipo, tena mara nyingi lipo zaidi ya moja, na kazi yako ni kuchagua lililo sahihi.

Fungu la pili ni vyakula walivyovipata kwa biashara ya mbali au walivyovisikia tu: mchele, pilipili manga, mdalasini, tangawizi, sukari. Neno la kale lipo, ila matumizi yake yalikuwa tofauti na yetu. Plinio Mkubwa, aliyekamilisha kitabu chake cha maumbile mwaka 77 BK, anaitaja sukari kwa jina *saccharon* na kusema ilitumika kwa dawa tu. Ukiandika *saccharum* kwenye chai utaeleweka, lakini usidai kwamba Warumi walitia sukari kwenye vinywaji vyao.

Fungu la tatu ni vyakula vilivyofika Ulaya baada ya Warumi kupita. Kutoka Amerika, baada ya 1492, vilikuja mahindi, mhogo, viazi, nyanya, maharagwe ya kawaida, karanga, pilipili kali, nanasi, papai na parachichi. Kahawa na chai zilikuja kutoka upande mwingine, nazo zilichelewa vilevile. Kwa fungu hili hakuna neno la kale. Unachagua kati ya Kilatini cha wataalamu wa mimea, Kilatini cha Kanisa cha siku hizi, na maelezo ya maneno machache.

Makosa mengi tunayoyasahihisha yanatokana na kuruka hatua hii: mtu anaona neno la kale kwenye kamusi, analibandika kwenye chakula ambacho aliyelitumia hakuwahi kukiona.

Maneno ya msingi ni yapi?

Yashike haya pamoja na genitivo (umbo la neno lenye maana ya «-a kitu fulani») na jinsia yake (m ni ya kiume, f ya kike, n ya kati):

- mkate: *panis, panis* m
- maziwa: *lac, lactis* n
- jibini: *caseus, casei* m
- siagi au samli: *butyrum, butyri* n
- yai: *ovum, ovi* n
- nyama: *caro, carnis* f
- samaki: *piscis, piscis* m
- chumvi: *sal, salis* m
- mafuta ya zeituni: *oleum, olei* n
- siki: *acetum, aceti* n
- asali: *mel, mellis* n
- unga: *farina, farinae* f
- mchele au wali: *oryza, oryzae* f
- kitunguu maji: *cepa, cepae* f
- kitunguu saumu: *alium, alii* n (pia *allium*)
- dengu za kahawia: *lens, lentis* f
- dengu kubwa za mviringo: *cicer, ciceris* n
- kabichi na jamii yake, sukuma wiki ikiwemo: *brassica, brassicae* f
- mchicha: *blitum, bliti* n

Mtindi una neno lake pia, *oxygala*, nalo limetoka Kigiriki. Columella, aliyeandika juu ya kilimo katika karne ya 1 BK, anaeleza namna ya kuutengeneza katika kitabu chake cha 12.

Kwa nini kamusi hutoa maneno mawili, kama «lac, lactis»?

Kwa sababu neno la kwanza pekee halikuonyeshi shina. Kutokana na *lac* hutaweza kukisia *lacte* wala *lactis*, na kutokana na *caro* hutapata *carnem*. Genitivo ndiyo inayolibeba shina: ondoa *-is*, ubaki na *lact-* na *carn-*, kisha ongeza viishio vingine.

Jinsia nayo haikisiwi. *Piper* na *zingiber* ni za kati, kwa hiyo akusativo yake (umbo la kitu kinachotendwa) haibadiliki: *piper* hubaki *piper*. Mwanafunzi anayeandika *piperem* amelichukulia kama la kiume. *Sal* kwa kawaida ni la kiume, ingawa katika umoja waandishi wengine wa kale walilitumia kama la kati.

Angalia pia umoja na wingi. Nafaka na jamii ya kunde hutajwa kwa umoja hata zikiwa gunia zima: *cicer*, *faba*, *lens*, *milium*. *Uva* ni zabibu kama shada, kwa hiyo *uva* moja ina punje nyingi.

Kwa matunda, Kilatini hutenganisha mti na tunda, jambo ambalo Mswahili hana haja ya kufafanuliwa. Mti wa tufaha ni *malus* (f), tunda ni *malum* (n). Mpea ni *pirus*, pea ni *pirum*. Mtini umekataa kufuata utaratibu huu: *ficus* ni mti na ni tunda.

«Nyama ya ng'ombe» ni «caro bovis»?

Sarufi haina kosa, lakini hivyo sivyo wapishi na wachuuzi wa Roma walivyosema. Walitumia kivumishi kilichotokana na jina la mnyama: *caro bubula* ya ng'ombe, *vitulina* ya ndama, *caprina* ya mbuzi, *haedina* ya mwanambuzi, *agnina* ya mwanakondoo, *suilla* au *porcina* ya nguruwe, *gallinacea* ya kuku. Mara nyingi *caro* lenyewe huachwa. Ukikuta *bubula* peke yake katika orodha ya vyakula, ni nyama ya ng'ombe, na jinsia ya kike inatokana na *caro* lililofichwa.

Vivumishi hivyohivyo hutumika kwa maziwa na jibini, ila hubadili jinsia: *lac bubulum*, *lac caprinum*, *lac camelinum* kwa maziwa ya ngamia, ambayo Plinio anayasifu kwa utamu. Suetonius anasema Kaisari Augusto alipenda mkate wa daraja la pili, visamaki vidogo, *caseum bubulum manu pressum* (jibini la maziwa ya ng'ombe lililokandamizwa kwa mkono) na tini mbichi. Sentensi hiyo moja inakupa maneno manne ya mlo wa kawaida pamoja na vivumishi vyake, na ndiyo sababu tunasisitiza kujifunza kutoka kwenye maandishi yenyewe.

Nyama choma, samaki wa kukaanga, mayai ya kuchemsha: namna ya kupika inasemwaje?

Kwa vivumishi vitatu vinavyotosha kwa sehemu kubwa ya jiko. *Assus* ni cha kuchoma, *elixus* ni cha kuchemsha, *frictus* au *frixus* ni cha kukaanga. Nyama choma ni *caro assa*, nyama ya kuchemsha ni *caro elixa*, samaki wa kukaanga ni *piscis frictus*.

Mayai ni mfano mzuri. Katika mkusanyo wa mapishi wenye vitabu 10 unaobeba jina la Apicius kuna *ova frixa* (ya kukaanga), *ova elixa* (ya kuchemsha hadi yakaze) na *ova hapala*, yale yaliyochemshwa kidogo yakabaki laini. Kuna pia *ova sfongia ex lacte*: mayai manne, hemina moja ya maziwa na uncia moja ya mafuta (vipimo hivi tunavieleza chini) hupigwa pamoja, kisha humiminwa kwenye kikaango chenye mafuta kidogo. Ukitaka neno la kimanda cha mayai, hili liko jirani kabisa, na lina ushahidi.

Mchuzi ni *ius, iuris* n. Neno hilohilo lina maana ya «sheria, haki», na Cicero, msemaji wa Roma, alilichezea alipomshtaki gavana Verres. Muktadha ndio utakaokuonyesha kama upo mahakamani au jikoni.

Nitumie kamusi gani?

Njia ya kawaida kwa msomaji wa Kiswahili hupita Kiingereza, Kiitaliano au Kifaransa, kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba unajua jina la chakula katika lugha hiyo bila utata. «Dengu» tayari ni mtego: kwa wengine ni zile kubwa za mviringo, kwa wengine ni zile bapa za kahawia. Za kwanza ni *cicer*, za pili ni *lens*.

Kutoka Kilatini kwenda lugha nyingine, fungua Logeion ya Chuo Kikuu cha Chicago. Ni bure, na huweka kamusi kadhaa pamoja, ikiwemo ya Lewis na Short ya mwaka 1879, ambayo hutaja mwandishi na mahali neno linapopatikana. Kamusi kubwa ya Oxford ni makini zaidi, lakini inaishia karibu mwaka 200 BK, kwa hiyo maneno ya Kikristo ya baadaye hutayakuta humo. Kutoka Kiingereza kwenda Kilatini, ile ya Smith na Hall ya karne ya 19 bado haijapata mpinzani, kwa sababu inaeleza tofauti kati ya neno na neno badala ya kukurundikia orodha.

Kwa vyakula vya kisasa kuna kamusi ya Kiitaliano na Kilatini iliyotolewa Vatikani katika miaka ya 1990, *Lexicon recentis Latinitatis*. Humo bisi ni *maizae grana tosta*, yaani punje za mahindi zilizookwa. Uamuzi wetu: iamini kwa vitu, ichunguze kwa urefu. Wakati mwingine inatoa maelezo ya maneno manne ambapo moja lingetosha.

Wikipedia ya Kilatini inaaminika?

Vicipaedia ni njia ya mkato nzuri ukijua kuisoma. Fungua makala ya chakula katika Wikipedia ya Kiswahili, nenda kwenye orodha ya lugha, chagua «Latina». Kama kiungo hakipo, nakili jina la kisayansi kutoka kwenye makala ya Kiswahili ulitafute upande wa Kilatini.

Ukifika, usichukue kichwa cha makala na kuondoka. Soma tanbihi. Waandishi wake makini huonyesha jina limetoka wapi, na pale walipolitafsiri wenyewe huweka onyo kwamba nje ya Vicipaedia ushahidi wa neno hilo ni adimu. Jina lenye onyo hilo unaweza kulitumia darasani, lakini usiliweke kwenye kazi ya kitaaluma bila kusema.

Nina Biblia ya Vulgata (ile ya kale ya Kilatini) tu. Inatosha?

Kwa vyakula vya fungu la kwanza inatosha kwa kiasi cha kushangaza, na ina faida moja kubwa: unaweza kuilinganisha na Biblia ya Kiswahili mstari kwa mstari. Anza na mistari hii.

Hesabu 11:5, Waisraeli wanapokumbuka vyakula vya Misri: samaki, *cucumeres* (matango), *pepones* (matikiti), *porri* (liki), *caepe* (vitunguu) na *allia* (vitunguu saumu).

2 Samweli 17:28-29, vyakula alivyoletewa Daudi: *frumentum* (ngano), *hordeum* (shayiri), *farina*, *polenta*, *faba*, *lens*, *frixum cicer* (dengu za kukaanga), *mel*, *butyrum*.

Ezekieli 4:9: ngano, shayiri, *faba*, *lens*, *milium* na *vicia*, zote katika mkate mmoja.

Luka 11:11-12: *panis*, *piscis*, *ovum*. Luka 24:42: *piscis assi*, «wa samaki wa kuokwa», pamoja na *favum mellis*, sega la asali.

Tahadhari moja: Vulgata ni Kilatini cha karne ya 4 na ya 5. Kitenzi chake cha kula mara nyingi ni *manducare* au *comedere*, wakati Cicero angetumia *edere* au *vesci*. Usivichanganye katika sentensi moja.

Ni mitego gani inayowanasa watu wengi?

*Malum.* Likiwa na *a* ndefu (*mālum*) ni tufaha, likiwa na *a* fupi ni ovu. Pia *malum* lilikuwa jina pana la matunda ya mviringo: *malum Punicum* ni komamanga, *malum Persicum* ni pichi. Neno likifuatwa na kivumishi cha nchi, usitafsiri «tufaha la Uajemi».

*Alia.* Matoleo mengine ya Vulgata huandika *alia* badala ya *allia* katika Hesabu 11:5. Anayesoma haraka hutafsiri «na vitu vingine». Ni vitunguu saumu.

*Est.* Kwa *e* fupi ni «yuko, ni». Kwa *e* ndefu (*ēst*) ni «anakula». Katika maandishi yasiyo na alama za irabu ndefu, sentensi kama *puer panem est* inawakwamisha wengi. Akusativo *panem* ndiyo inayokuambia kwamba mtoto anakula mkate.

*Zea.* Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa karne ya 18, aliyaita mahindi *Zea mays*, lakini kwa Plinio *zea* ni aina ya ngano yenye maganda. Ukitafsiri *zea* ya Plinio kuwa mahindi umeyafikisha Roma miaka 1,400 kabla ya wakati wake.

*Cucurbita.* Jenasi ya maboga inaitwa *Cucurbita*, lakini maboga hayo yametoka Amerika. *Cucurbita* ya Warumi ni mumunye, lile ambalo likikomaa na kukauka huwa kibuyu.

*Malum terrae.* Anayetafsiri jina la kiazi kutoka Kifaransa hufika hapa, akidhani amepata «tufaha la ardhini». Katika Plinio hilo ni jina la aristolokia, mmea ambao wavuvi waliutumia kuwalevya samaki. Usimpe mtu sahani ya hiyo.

*Batata.* Mtu wa Zanzibar akisikia *batata* atafikiria mbatata. Katika Kilatini cha mimea, *batatas* ni kiazi kitamu, *Ipomoea batatas*. Mbatata ni *Solanum tuberosum*.

Maharagwe ni «phaseolus»?

Leo ndiyo, na hakuna atakayekulaumu. Lakini *phaselus* au *phaseolus* ya kale haikuwa haragwe la kwetu, kwa sababu *Phaseolus vulgaris* ni mmea wa Amerika. Mshairi Vergilius anautaja *vilem phaselum*, «wa bei rahisi», zaidi ya miaka 1,500 kabla haragwe hilo halijafika Italia. Wataalamu wengi wanaona kwamba alikuwa anasema juu ya kunde, *Vigna unguiculata*, zao la asili ya Afrika. Kwa hiyo anayetafsiri «kunde» kwa *phaseolus* ana haki zaidi ya anayetafsiri «maharagwe». Ukilazimika kuyatofautisha katika maandishi mamoja, yape maharagwe kivumishi: *phaseoli Americani*.

*Faba* ni kitu kingine tena: baakuli, punje kubwa bapa zinazoliwa sana Misri.

Naweza kutumia jina la kisayansi kama neno la Kilatini?

Unaweza, kwa masharti matatu.

Kwanza, tumia neno moja kama jina la kawaida, si yote mawili kila mara, na liandike kwa herufi ndogo. *Solanum lycopersicum* ni jina la spishi. Katika sentensi ya jikoni *lycopersicum, lycopersici* n linatosha kwa nyanya. Pilipili kali ni *capsicum, capsici* n, na hilo lakusaidia usiichanganye na *piper*, ambayo ni pilipili manga.

Pili, tafuta genitivo. *Arachis* (karanga) ina genitivo *arachidis*. *Manihot* (mhogo) ina *manihotis*, na kwa kuwa jina kamili ni *Manihot esculenta*, unaona kwamba ni la kike.

Tatu, sema sehemu unayokula. Jina la kisayansi linataja mmea mzima. Mhogo wa kuliwa ni *radix manihotis*, kisamvu ni *folia manihotis*. Embe ni *fructus Mangiferae* kwa anayetaka usahihi, au *mangum* kwa anayeandika Kilatini cha mazungumzo.

Majina mengi ya aina hii yalichapishwa na Linnaeus mwaka 1753. Yale yaliyobadilishwa baadaye yana majina mawili vitabuni. Nyanya, kwa mfano, iliitwa pia *Lycopersicon esculentum* tangu 1768. Ukikuta majina yote mawili, ni mmea uleule.

Vyakula vyetu je: ugali, uji, chapati, kaimati, pilau?

Hapa kuna raha ya pekee, maana vingine vina ndugu wa kale wa karibu.

Ugali: *puls, pultis* f. Warumi waliishi kwa *puls* kwa muda mrefu kabla ya mkate, Plinio anasema hivyo waziwazi. Yao ilikuwa ya ngano na haikuwa ngumu kama ugali, kwa hiyo ongeza *spissa*, «nzito», na utaje unga: *puls spissa ex farina maizae*, au *ex farina manihotis* kwa ugali wa mhogo. Usitumie *polenta* peke yake. Kwa Muitaliano wa leo ni sima ya mahindi, kwa Mrumi ilikuwa shayiri iliyokaangwa na kusagwa.

Mtama: *milium* ni jina la nafaka ndogondogo. Plinio anaeleza *milium* jipya lililoletwa Italia kutoka India katika miaka 10 iliyotangulia kuandika kwake: jeusi, punje kubwa, bua kama tete. Maelezo hayo yanalingana na mtama, kwa hiyo *milium Indicum* lina msingi, ingawa asili ya mtama ni Afrika.

Uji: *sorbitio, sorbitionis* f, chakula cha kunywa ambacho waganga wa kale waliwapa wagonjwa.

Chapati: *laganum, lagani* n. Katika Kutoka 29:2 kuna *lagana azyma oleo lita*, maandazi membamba yasiyotiwa chachu, yaliyopakwa mafuta. Unga, bila hamira, mafuta juu: hatujaona neno linaloikaribia chapati kuliko hili.

Kaimati: Cato, aliyeandika karibu mwaka 160 KK, anazo *globi*. Unga wa ngano ya kukobolewa huchanganywa na jibini, hutengenezwa madonge, hukaangwa moja moja au mawili mawili katika mafuta ya moto huku yakigeuzwa kwa vijiti viwili, kisha hupakwa asali na kunyunyiziwa mbegu za mpopi. Kaimati haina jibini, kwa hiyo andika *globi ex farina tritici fricti et melle uncti*.

Pilau ndiyo inayotoka vizuri kuliko vyote, kwa kuwa viungo vyake karibu vyote vilikuwa sokoni Roma, vingi vikiwa vimeletwa kwa njia ya Bahari ya Hindi: bizari nyembamba *cuminum*, iliki *cardamomum*, mdalasini *cinnamomum*, pilipili manga *piper*, karafuu *caryophyllum*, tangawizi *zingiber*. Andika: *oryza cum carne bubula, cepa, alio, cumino, pipere, cinnamomo et cardamomo cocta*. Baada ya *cum* («pamoja na») kila kiungo kinaingia katika ablativo, umbo linalofuata *cum*, na *cocta* inarudi kukubaliana na *oryza*. Wengi huandika *cocto*, kwa kuvutwa na neno lililo karibu.

Kwa wali wa nazi: nazi katika Kilatini cha Zama za Kati ni *nux Indica*, kwa hiyo *oryza lacte nucis Indicae cocta*.

Ndizi?

Plinio anataja mti wa India uitwao *pala*, ambao tunda lake, *ariena*, moja linawashibisha watu wanne. Wengi wameutambua kuwa mgomba. Wengine wanasema ni mfenesi, na kwa kushibisha watu wanne hoja yao ina uzito. Neno salama zaidi ni *musa, musae* f, lililoingia kutoka Kiarabu *mawz*.

Kahawa na chai?

Kwa kahawa utakuta *coffea*, *caffea* na *caffeum*. Chagua moja na ulishike hadi mwisho wa andiko. Chai ni *thea, theae* f. Kikombe cha chai ni *poculum theae*, na chai ya maziwa ni *thea cum lacte*.

Nifanye nini na vipimo vya mapishi ya kale?

Vibadilishe kwa makadirio haya: *libra* gramu 327, *uncia* gramu 27 (ni sehemu ya 12 ya libra), *sextarius* mililita 540, *hemina* mililita 270, *cyathus* mililita 45, *modius* lita 8.7.

Chukua *libum* ya Cato, mkate mdogo wa sadaka. Anaandika *casei P. II*: soma *pondo duo*, libra mbili, karibu gramu 650 za jibini, lipondwe vizuri kwenye kinu. Kisha *farinae siligineae libram*, gramu 327 za unga mzuri wa ngano, au ukitaka laini zaidi *selibram*, nusu libra, ya unga mwembamba. Yai moja. Changanya vyote. *Inde panem facito*: hapa *panis* ni donge lililotengenezwa kwa umbo la mkate, si mkate uliokwisha kuiva. *Folia subdito*, weka majani chini, kisha *in foco caldo sub testu coquito leniter*: oka polepole juu ya jiko la moto, chini ya kifuniko cha udongo.

Kinachoharibika mara nyingi ni jibini. Cato alikuwa na jibini bichi laini. Ukitumia lile gumu la dukani, lenye chumvi, donge halishikani na chumvi inazidi. Angalia pia vitenzi: *facito, addito, coquito* ni amri za Kilatini cha zamani, na wanafunzi huzidhania kuwa majina ya viungo.

Naliingizaje neno katika sentensi?

Kitu kinacholiwa huwa akusativo: *caseum edo*, *lac bibo*. *Vescor* hutaka ablativo: *pane et caseo vescimur*. Kiasi cha kitu hutaka genitivo: *libra carnis*, *poculum lactis*, *frustum panis* (kipande cha mkate).

Matamshi ni yapi, «kaseus» au «kazeus»?

Kwa matamshi ya kale *c* ni *k* daima: *cepa* ni «kepa», *cicer* ni «kiker». Kwa matamshi ya Kanisa *c* mbele ya *e* na *i* ni *ch*: «chepa», «chicher», na *caseus* husikika «kazeus». Fuata yale ya mahali unaposoma, usiyachanganye.

Programu za kutafsiri zinasaidia?

Kama kianzio tu. Hukupa umbo moja bila genitivo wala jinsia, na huchanganya maneno ya karne tofauti. Neno lolote ulilolipata huko lipitishe Logeion. Likikosekana humo, lina uwezekano mkubwa wa kuwa la baada ya Warumi au la kubuniwa, na utarudi kwenye njia za fungu la tatu.

Niwekeje kumbukumbu ya maneno ninayoyapata?

Kwa kila neno andika vitu vitano: kidahizo na genitivo, jinsia, mwandishi na mahali ulipolikuta, karne, na jina la kisayansi la chakula. Hicho cha mwisho huachwa na wengi, nacho ndicho kinachomaliza ubishi kati ya anayesema «dengu» wa Tanga na anayesema «dengu» wa Nairobi.